Siku Nne za Pwani

"Ng'ombe hawezi kumpiga mtu mateke mawili mahali pamoja," alisema Inspekta Nelima. "Tena kisogoni. Tena mtu akiwa amesimama."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa hatua chache kutoka pale, akitafuna majani ya nepia bila wasiwasi, ingawa kwa siku mbili nzima ndiye aliyekuwa mshukiwa pekee. Jumamosi jioni Mzee Bethwel Lelei, mfugaji wa Kapseret, alikutwa amelala kifudifudi kwenye kibanda chake cha kukamulia, maziwa yamemwagika, kichwa kimepasuka nyuma. Askari wawili waliofika kwanza walimwangalia mzee, wakamwangalia ng'ombe, wakaandika mstari mmoja kwenye daftari na kurudi walikotoka kabla baridi haijazidi. Kama daktari wa mochari naye angekuwa mvivu kama wao, kesi ingezikwa pamoja na mzee.

Daktari hakuwa mvivu. Ripoti yake ilimfikia Nelima Jumatatu saa mbili asubuhi. Majeraha mawili. Kifaa cha chuma, kizito, chembamba kama fimbo. Mzee alifariki kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi.

"Madam," aliita Sajini Aden kutoka nje ya kibanda. "Kuna alama za gambuti hapa. Zinatoka upande wa jirani."

Aden alizaliwa Moyale, na miaka sita ya Eldoret haikuwa imemzoesha matope. Alisimama juu ya jiwe, suruali ameikunja, akielekeza kalamu kwenye ua wa michongoma uliokuwa na pengo.

Mjane wa marehemu, Mama Tryphosa, aliwafuata polepole akiwa amejifunga leso mbili juu ya sweta. "Huko ni kwa Gikonyo," alisema. "Ng'ombe zetu ziliingia kwa mahindi yake mwezi jana. Alimwambia mzee atamwonyesha. Watu wote walisikia."

"Na wewe unafikiria ni yeye?"

"Mimi nafikiria nini? Nilienda mazoezi ya kwaya saa kumi, nikamwacha akitafuta kamba ya ndama. Kurudi saa kumi na mbili, nikamkuta hivyo." Kisha akasema kwa ukali, "Lakini huyu ng'ombe nimemlea na mikono yangu. Hajawahi kupiga hata mbwa."

Hawakuhitaji kumtafuta Gikonyo. Alitokea mwenyewe kwenye pengo la ua, gambuti miguuni, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mnapima viatu vyangu?" aliuliza. "Pimeni. Nimepita hapo Jumapili asubuhi nikileta pole. Mlitaka nije na slipa?"

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?" aliuliza Nelima.

"Plateau, hospitalini. Bibi yangu alikuwa anajifungua. Niliingia na yeye saa nane mchana, mtoto akatoka saa moja usiku. Muulize sista mkuu wa wodi, alinifukuza mara tatu."

Aden akasogea kando na kupiga simu. Nelima akamtazama Gikonyo akijifuta pua kwa mkono wa koti. Alikuwa mgomvi, na ugomvi ni kitu rahisi. Mtu huupeleka hadi kwenye mpaka wa shamba, akautangaza kwa kila jirani, halafu akaenda kulala. Aliyempiga Mzee Lelei hakutangaza chochote.

"Ni kweli," Aden alisema aliporudi. "Sista anasema mara nne, si tatu."

"Msichana ama kijana?" Nelima alimuuliza Gikonyo.

"Msichana."

"Hongera. Ziba hilo pengo."

Walipokuwa wakirudi garini, Aden alisema kile ambacho wote wawili walikuwa wakikifikiria tangu asubuhi. "Kesi ni kesho."

"Najua ni kesho."

Miezi mitano nyuma, pale stejini Kapseret, gari jeupe lilimgonga Dennis Adongo, mwendesha boda boda wa miaka ishirini na tatu, likasimama mbele kidogo. Dereva akashuka. Akamtazama Dennis aliyekuwa bado anapumua, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa bampa, akarudi ndani na kwenda zake, akimwacha afe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona yote hayo na kumjua dereva kwa sura, naye ni Mzee Lelei, aliyekuwa akitoka kupeleka maziwa. Dereva aliyemtaja alikuwa Elphas Mabonga, mwenye shule ya udereva kubwa kuliko zote upande ule wa mji. Mabonga alikana, akapata dhamana, pasipoti yake ikabaki kortini. Bila shahidi, kesho kesi ingeondolewa. Angerudishiwa pasipoti, na kila mtu alijua kwamba ndugu yake wa Kanada alikuwa akimsubiri.

"Lakini Mabonga alikuwa Pwani," Aden alisema. "Mji mzima uliona."

"Mji mzima uliona picha," alisema Nelima. "Twende Kimumu."

* * *

Nyumba ya Mabonga ilikuwa na geti jeusi, kamera mbili na ubao ulioandikwa kwamba wauzaji wa mboga hawaruhusiwi. Mwenyewe aliwapokea sebuleni bila kuinuka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene wa shingo, amevaa fulana yenye nembo ya shule yake.

"Viatu mtaacha hapo kwa mlango," alisema. "Kapeti ni mpya."

Nelima aliifuta miguu yake kwa hatua mbili ndefu katikati ya kapeti, akaketi. Aden, ambaye kwao kuvua viatu mlangoni ni adabu tu, alivua vyake.

"Inspekta Nelima," Mabonga alisoma kitambulisho alichoonyeshwa. "Hilo ni jina la kwetu. Wewe ni wa Kimilili ama Webuye?"

"Mimi ni wa ofisi ya upelelezi."

Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetemewa mate na mtoto mchanga. "Haya. Mmekuja juu ya yule mzee wa ng'ombe. Nilisikia jana nikiingia. Pole kwa familia. Lakini mimi sikuwa hapa, na nina ushahidi kuliko nyinyi wote."

Mke wake, Brigid, aliingia na chai. Alikuwa mwembamba, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, na aliweka vikombe mezani bila kugonga hata kimoja. Mabonga hakumtambulisha. Alimwambia tu, "Sukari," naye akaenda kuileta.

"Niambie safari yako," alisema Nelima. "Tangu mwanzo. Sajini ataandika."

"Yote?"

"Yote. Mimi sijawahi kufika Pwani."

Hilo lilimfurahisha. Aliegemea nyuma, akaunganisha vidole juu ya tumbo.

"Hujawahi kuona bahari? Na umri huo? Haya, nitakufundisha. Jumatano tulitoka hapa alfajiri na gari yangu. Usiku tukalala Mombasa. Alhamisi tukazunguka Mombasa, Fort Jesus na nini. Ni ukuta tu, ukuta mkubwa wa zamani na watu wanataka kukuuzia shanga. Ijumaa tukaenda Kilifi. Pale kuna daraja. Watu wanapenda hilo daraja sana, mimi sijui ni kwa nini, daraja ni daraja. Jumamosi tukapita Gede, magofu, mawe na nyani. Mchana Watamu. Jioni Malindi."

"Mlilala wapi?"

"Nyumba za watu ninaowajua. Mimi si mtu wa hoteli, kuandikishwa andikishwa kama mfungwa."

"Jumamosi jioni hasa, saa kumi na mbili?"

"Nilijua utauliza." Akatoa simu, akaipangusa kwa paja, akamwonyesha. "Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Iko kwa status, imeandikwa saa. Watu mia tatu na kumi waliiona."

Picha ilimwonyesha Brigid kwenye mchanga, amevaa gauni la njano, na gari likionekana ubavuni. Nyuma yake kulikuwa na maji matupu, na juu kidogo ya maji jua lililokuwa jekundu kama kaa la moto. Chini yake Mabonga alikuwa ameandika: *Jua linazama Malindi. Walio kwa baridi, poleni.*

"Hii ni nini, mto?" aliuliza Nelima.

Mabonga akacheka kwa sauti. "Mto! Sajini, umesikia? Hiyo ni bahari, Inspekta. Bahari yenyewe. Ukisimama hapo ukiangalia mbele, hakuna kitu mpaka India."

"Na ulipiga wakati huo huo?"

"Nilipiga, nikaweka. Dakika moja haikupita."

"Aden, andika hivyo hivyo."

"Andika," Mabonga alisema. "Na uandike tukatoka Malindi saa sita usiku, tukaingia hapa Jumapili saa moja jioni. Mimi naendesha. Si kama hawa watu wenu wa kuendesha Landikruza ya serikali kama wanafukuza kuku."

"Barabarani hamkupata shida yoyote?"

"Shida gani? Gari yangu haipati shida. Na hailali chafu. Huko Pwani nilikuwa naiosha kila asubuhi, chumvi ya bahari inakula rangi."

Brigid alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la sukari. Nelima alimgeukia. "Na wewe, dada, uliionaje Pwani?"

"Alifurahi," Mabonga alijibu.

"Nimemuuliza yeye."

Brigid aliweka bakuli mezani. Alimtazama mume wake, si kwa woga, bali jinsi mtu anavyotazama sinki lililoziba. "Ilikuwa safari fupi," alisema, akatoka.

Nelima aliomba picha zote. Mabonga alimtumia kwa simu pale pale, thelathini na moja, akisema labda zitamsaidia kujua nchi yake. Kisha akasoma taarifa aliyoiandika Aden, akasahihisha neno moja la Kiswahili kwa kalamu yake mwenyewe, akaweka sahihi kila ukurasa.

"Kesho tutaonana kortini," alisema mlangoni. "Njoo mapema upate kiti."

* * *

Ofisini, Nelima alizipanga picha kwenye kompyuta kufuatana na siku alizozitaja Mabonga. Aden alivuta kiti karibu. Hakukuwa na saa wala tarehe ndani ya picha zenyewe. Zilipotumwa kwa simu zilipoteza yote hayo. Barua ya kuomba kumbukumbu za simu ya Mabonga ilikuwa imekwenda kwa kampuni ya simu, na jibu lingechukua siku tatu. Kesi ilikuwa siku moja tu mbele.

"Alhamisi, Fort Jesus," Nelima alisema. "Brigid na gauni la buluu. Ijumaa, daraja la Kilifi, sketi nyeupe. Jumamosi Gede, suruali. Jumamosi jioni Malindi, gauni la njano. Unaona nini?"

"Nguo nyingi."

"Wacha nguo. Angalia gari."

Aden alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Gari jeupe lilikuwamo katika karibu kila picha. Mabonga alikuwa amelipiga zaidi ya mke wake. Kwenye kona ya kushoto ya kioo cha mbele, mbele ya Fort Jesus, palikuwa na kinyesi cha ndege, kimechuruzika kama mkia wa samaki. Darajani Kilifi kilikuwapo. Gede kilikuwapo. Kwenye mchanga wa Malindi kilikuwapo bado, mkia ule ule, kimekauka tu.

"Na anaosha kila asubuhi," Aden alisema.

"Mtu aliyefuta bampa na aliyemgonga bado anapumua. Angeacha hiyo kwa kioo siku tatu? Ile yote ni siku moja, Aden. Labda moja na nusu."

"Lakini hiyo haimtoi Malindi Jumamosi. Atasema alisahau kuosha. Atasema ndege ni wengi."

Hiyo ilikuwa kweli, na Nelima hakupenda ilivyokuwa kweli. Alirudi kwenye picha ya mwisho, akaikuza mpaka jua likajaa kioo. Jua, maji, mwanamke amefinya macho. Kisha akainuka akaenda kwenye ramani ya Kenya iliyokuwa ukutani tangu enzi ya mkubwa wa tatu kabla yake, imekunjamana kwenye pembe na kuliwa na mende upande wa Turkana.

"Jua linatoka wapi?" aliuliza.

"Madam?"

"Jibu tu."

"Mashariki."

"Nionyeshe Malindi."

Aden aliweka kidole. Nelima akaweka chake kando ya kile cha Aden, akakisukuma kulia, mahali ramani ilipokuwa imepakwa buluu.

"Bahari iko upande huu. Mashariki. Mbele hakuna kitu mpaka India, amesema mwenyewe na ametia sahihi. Sasa niambie, jua la jioni linafanya nini huko?"

Aden alitazama ramani, akatazama kompyuta. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Linazama nyuma yao. Upande wa bara."

"Linakuja huku kwetu. Hilo jua haliko juu ya maji jioni. Hiyo ni asubuhi, linachomoza. Alipiga alfajiri moja, akaiweka simuni mpaka Jumamosi jioni, akaandika linazama. Ameenda kilomita mia nane kudharau bahari, hata hakuangalia imekaa upande gani."

"Kwa hivyo alikuwa wapi?"

"Kuna mtu alikuwa na yeye," alisema Nelima, akichukua koti.

* * *

Brigid alikuwa na duka la kushona sare za shule karibu na soko. Saa nane mchana alikuwa peke yake, mashine imezimwa, anakunja vipande vya kitambaa cha kijani. Alipomwona Nelima hakushtuka. Alikwenda akageuza kibao cha mlangoni, akarudi kuketi.

"Kabla hujasema kitu," Nelima alisema, "sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wako. Ujue hivyo."

"Najua. Aliniambia jana, mara mbili."

"Nimeona picha ya Malindi. Ilikuwa asubuhi gani?"

Brigid alikunja kipande kimoja, akakilainisha kwa kiganja. "Ijumaa," alisema. "Saa kumi na mbili na nusu hivi. Aliniamsha, akaniambia vaa ile ya njano."

"Na zile zingine?"

"Zote ni Alhamisi. Kutoka Mombasa mpaka Malindi, siku moja. Kila mahali tulisimama dakika kumi, kwingine tano. Nilibadilisha nguo ndani ya gari, nimejifunika na taulo, malori yakipita. Nilimuuliza kwa nini, akasema watu wa Eldoret ni washamba, wakiona nguo moja watafikiri tumeenda siku moja." Akacheka bila furaha. "Pale Kilifi nilitaka tushuke nione maji chini ya daraja. Akasema maji ni maji."

Nelima hakuandika. Alijua kwamba kalamu ikitoka, wengine hunyamaza.

"Miaka kumi na nane nimemwomba anipeleke baharini," Brigid aliendelea. "Mwezi jana akakubali, yeye mwenyewe, bila kuulizwa. Nilishona hizo nguo zote nne. Ijumaa baada ya hiyo picha nilivua viatu, nikasema wacha niingize miguu. Akawasha gari. Akasema kuna shida shuleni, tunarudi. Sikuingiza miguu."

"Mkarudi Eldoret?"

"Nakuru. Tulifika usiku, akanitafutia chumba kwa lojing'i. Jumamosi saa tano akaondoka peke yake. Akaniachia simu yake, akasema ikifika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano niweke ile picha na hayo maneno, alikuwa ameyaandika tayari. Akasema ni ya biashara. Mimi nilijua ni mwanamke." Aliinua macho. "Ndiyo nikanyamaza. Niseme nini? Kwamba nilienda Pwani na bwana yangu, nikaishia Nakuru nikikula chipsi peke yangu kwa kitanda, huku nikiwaambia watu jua linazama Malindi? Dada zangu waliandika wakisema wananionea wivu."

"Alirudi saa ngapi?"

"Saa tatu usiku. Alikuwa na viatu vingine. Nikasema, haya, amevivua huko, amevisahau. Nilimdharau tu. Sikumwogopa. Hakuna kitu nilifikiria zaidi ya hapo, mpaka jana tukifika nikaambiwa Mzee Lelei amekufa, na ni Jumamosi, na ni saa hizo." Mikono yake ilisimama juu ya kitambaa. "Mimi nilimjua huyo mzee. Alikuwa anapita hapa kuchukua sweta za wajukuu. Alikuwa anajaribu kila sweta kwa mkono wake kwanza, kuona kama inakwaruza."

Alilia kidogo, kwa hasira, akijifuta kwa kipande cha sare ya mtoto wa mtu. Nelima alimsubiri.

"Lojing'i ulijiandikisha kwa jina gani?"

"Langu. Yeye hakuingia, alibaki kwa gari."

"Na jana mkirudi, kulitokea chochote?"

Brigid alifikiri, na pembe ya mdomo wake ikapanda. "Tulipata pancha Timboroa. Mvua, baridi, saa kumi. Akafungua buti kutoa spana ya magurudumu, haikuwa. Na kile kitambaa cha chini ya buti pia hakikuwa. Niliuliza, akaniambia ninyamaze. Mtu anayefundisha mji mzima kuendesha, alisimama barabarani saa nzima akipungia malori mkono, hakuna aliyesimama. Mwishowe lori moja la viazi likasimama. Dereva akampa spana yake, akamwambia, mzee, hata pikipiki hubeba spana."

"Unamjua huyo dereva?"

"Wakoli. Ameandika jina na namba kwa mlango wa lori, kwa watu wa kubeba mizigo. Niliichukua. Nilifikiri siku moja nitahitaji lori ya kuhamisha vitu vyangu."

Alimpa Nelima namba hiyo, na risiti ya lojing'i aliyokuwa ameihifadhi ndani ya kopo la vifungo. Kisha akauliza kama anaweza kuandika taarifa yake mwenyewe, kwa mwandiko wake, bila mtu kumsahihishia. Akaandika kurasa nne.

Kufikia saa kumi, Aden alikuwa ametumiwa picha ya ukurasa wa daftari la wageni kutoka Nakuru, jina la Brigid, siku mbili. Alikuwa pia amezungumza na Wakoli, aliyekumbuka gari jeupe, fulana yenye nembo ya shule ya udereva, na kwamba mwenye fulana hakusema asante.

* * *

Uwanja wa mazoezi wa shule ya Mabonga ulikuwa na wanafunzi kumi na wawili, matairi yaliyopakwa rangi na vibao vya alama za barabarani. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati akimfokea mama mmoja aliyeshindwa kurudi nyuma kati ya matairi mawili. Alipoona Landikruza ya polisi ikiingia, aliinua mkono kuizuia.

"Hapo hamwegeshi! Hamwoni alama?"

Nelima alishuka. Alimwambia anamkamata kwa mauaji ya Bethwel Lelei, na kwamba halazimiki kusema chochote, na atakachosema kitaandikwa. Alisema hayo bila kupandisha sauti, lakini wanafunzi wote waliacha walichokuwa wakifanya.

"Umeshindwa kusoma?" Mabonga alisema. "Nilikuwa Malindi. Nilikupa picha. Nilikupa saa."

"Ulinipa asubuhi ya Ijumaa. Jua la Malindi linatoka baharini, Bwana Mabonga. Haliingii."

Macho ya Mabonga yalikwenda juu, kuelekea jua lililokuwa limeinama magharibi, upande wa Turbo, kama mtu anayetaka kulihoji.

"Huyo mwanamke amesema nini?" aliuliza hatimaye. "Brigid hajui kitu. Mpigie simu. Mwambie aje aseme tulikuwa wapi Jumamosi."

"Ameshasema. Kurasa nne."

"Hawezi."

"Spana yako iko wapi?" aliuliza Aden.

Uso wa Mabonga ulikuwa umebadilika rangi, lakini kidevu kilibaki juu. Akaanza kutembea kuelekea gari lake jeupe, funguo mkononi. "Sawa. Tutaenda kituoni, tutapiga simu kwa watu wenu wakubwa. Nawafuata nyuma. Mimi siwezi kupanda kitu kama hicho."

Aden alimpokonya funguo kwa upole, akazitia kwenye bahasha ya ushahidi, akaandika saa juu yake, kisha akamtia pingu. Nelima alifungua mlango wa nyuma wa Landikruza.

"Panda."

Alipanda. Alipangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukaa, pingu zikagongana. Yule mama aliyekuwa akifunzwa kurudi nyuma alibaki ndani ya gari la shule, mikono yote miwili kwenye usukani, akimtazama mwalimu wake akifungiwa mlango. Kisha akaingiza gia, akarudi nyuma kati ya matairi mawili bila kugusa hata moja.

Konstebo aliyekuwa akiendesha akawasha Landikruza. Ilitetemeka, ikaruka mbele kidogo.

"Umeachilia klachi haraka," Mabonga alisema kutoka nyuma. "Huyu nani alimpa leseni?"

Walitoka getini, wakaingia barabara kuu, na njia nzima mpaka kituoni aliendelea kumsahihisha konstebo: breki, kioo, taa ya kukunjia, na hakuna aliyegeuka.